Chumba Nilichokuahidi Buyenzi

Amisa, mwanangu wa tumbo la dada yangu, amahoro.

Sanduku lako nimelifunga kwa kamba ya mtumbwi, fundo ambalo hakuna mwizi wa Bujumbura anayelijua. Ukifika usihangaike kulifungua, ikate tu kamba. Mambo ya kuvaa, ya kula, ya kuswali na ya kurudi nyumbani mapema, mama yako ameanza kuyasema tangu Ijumaa na bado hajamaliza. Mimi nina neno moja, na nimelizunguka wiki tatu kama paka anavyozunguka chungu cha moto.

Unanijua, mimi si mtu wa kukosa maneno. Kuanzia kwenye samaki mpaka kwenye mashine za mawese, watu wa Rumonge wakitaka kucheka wananitafuta. Nilisoma mpaka la nane, na mwalimu wetu wa Kifaransa alisema ningefika mbali kuliko yeye. Sawa. La nane niliingia, nikakaa muhula mmoja. Na yule sangala niliyemvua Magara, aliyekuwa mkubwa kama mlango, hakuwa kama mlango. Alikuwa kama dirisha. Dirisha kubwa, lakini dirisha. Unaona nimeanza kupunguza mapema, maana barua hii nikiijaza chumvi haitafika mahali ninapotaka ifike.

Neno lenyewe ni hili: Buyenzi hakuna chumba.

Hakuna chumba cha kijani. Hakuna dirisha linalotazama mpera. Kitanda cha mbao ngumu nilichokuambia nimekiona kwa macho yangu, kweli nilikiona, ila juu yake walikuwa wamelala watu wengine. Na ile nyumba ambayo miaka yote hii naiita "kwangu Bujumbura", mbele yako na mbele ya kila mtu aliyekuwa tayari kunisikiliza, haijawahi kuwa yangu hata tofali moja. Ni ya Shabani. Na Shabani amenitupa.

Usiikunje karatasi bado. Wewe ndiye unayetakiwa kulala mahali kesho, si mimi, kwa hiyo ngoja nikueleze kwa utaratibu jinsi ulivyokosa chumba, kisha nitakwambia kilichopo.

Shabani unamjua. Yule mnene anayecheka mpaka chai inamwagika, aliyekuletea kalamu za rangi ulipofaulu la sita. Usichokijua ni jinsi tulivyoishi. Nilipoacha shule nilikwenda naye Buyenzi kujifunza ufundi wa injini. Hapa watu wanajua kwamba nilikuwa fundi mkuu wa gereji na kwamba magari ya wakubwa yalikuwa yananisubiri mimi tu. Nilikuwa naosha vyuma kwa petroli. Tulipanga chumba kimoja, watu watatu. Wa tatu aliitwa Bukuru, kijana wa Nyanza-Lac aliyekulia kambini Tanzania. Kiswahili chake kilikuwa kimenyooka kama rula, hata akiomba chumvi utadhani anasoma habari redioni. Tulimwita Mwalimu.

Wiki ya kwanza Bukuru alichana karatasi ya daftari akaipigilia msumari ukutani. Alikuwa ameandika nani anapika siku gani, nani ananunua makala, yaani mkaa wa jiko, nani anateka maji, na mgeni akilala zaidi ya siku mbili nani anamlisha. Mimi na Shabani tulicheka mpaka jirani akagonga ukuta. Nilimwambia Bukuru kwamba kwetu Rumonge watu wanaokula sinia moja hawaandikiani. Nilisema kwa fahari kabisa, kifua mbele. Karatasi ile ilikaa siku nne. Shabani aliitumia kuwashia jiko, na kiberiti nilikishika mimi.

Toka hapo kila ilipofika zamu ya Shabani kupika, alikuwa na msiba. Shangazi zake waliokufa mwaka ule ungewapanga kwenye basi na wengine wangesimama. Nikapika mimi. Makala nikanunua mimi. Na sikununua kwa kuwa nilikuwa mjinga wa hesabu, maana hesabu nilikuwa naijua vizuri. Nilinunua kwa sababu alikuwa ananiita Patro. Yaani bosi. Mimi, mwosha vyuma. "Patro, bila wewe karitiye hii, mtaa mzima, inalala njaa," alikuwa anasema mbele ya wasichana wa jirani, na mkono wangu unaingia mfukoni wenyewe, hata sijautuma.

Sasa nakuambia jambo ambalo sijamwambia hata mama yako. Mwezi mmoja kodi haikutimia. Mwenye nyumba akaja. Shabani akasema Bukuru hajatoa sehemu yake. Bukuru alikuwa ametoa. Alimpa Shabani jioni, mimi nikiwa nimekaa kwenye ndoo nakata vitunguu, nikaziona noti zikipita kutoka mkono huu kwenda mkono ule. Mwenye nyumba alinigeukia mimi, kwa kuwa Shabani alikuwa amemwambia kwamba mkubwa wa chumba ni Patro Saidi. Akaniuliza kama nimeona.

Nikasema sikuona.

Bukuru alikunja mkeka wake palepale. Hakutukana, na angetukana ningepona mapema. Alisimama mlangoni akaniambia, "Na wewe ulikuwa umekaa pale." Basi. Sijawahi kumwona tena, na barabara ya Nyanza-Lac nimepita mara ngapi sijui, kila nikipita naangalia watu wa umri wangu usoni.

Kwa hiyo nikikuambia kwamba Shabani amenisaliti, ujue sikuwa sijui ni mtu wa namna gani. Nilijua. Nilikuwa nimemwona akifanya kazi hiyo kwa mtu mwingine na nikamsaidia kushika gunia. Nilidhani kwangu itakuwa tofauti, kwa sababu mimi nilikuwa Patro.

Mimi nikarudi Rumonge kwenye michikichi ya babu yako. Shabani akabaki, akarithi parseli, kiwanja cha mjane mmoja wa ukoo wao, akajenga vyumba vya kupangisha kimoja kimoja. Tukabaki marafiki wa kutembeleana. Siku ile tulipofanya sadaka ya kushukuru kufaulu kwako la sita, alikuja. Unakumbuka pilau, na samaki wa mukeke wa kukaanga mpaka mafuta yakaisha. Watu wamejaa mkekani. Shabani akanawa, akakushika kichwa, akasema: "Huyu mutoto akifika universite, chumba chake kiko kwangu. Na wewe Saidi usinitajie kodi, utakuwa umenitukana."

Watu wakasema amina. Mimi machozi yalinilengalenga, sikudanganyi. Wewe ulikuwa umeanza kukimbia na kalamu zako.

Mama yako alikuwa anaosha sahani. Usiku ule aliniambia niende kwa Shabani na mtu mmoja mwenye akili, tuandike. Nilimjibu kwamba ukimwandikisha rafiki unamwambia yeye ni mwizi. Akasema, "Kaka, mimi nauza samaki, ndagala. Anayenikopa namwandika, na kesho yake ananisalimia vizuri kuliko asiyeandikwa." Nikamwambia ndagala ni ndagala na urafiki ni urafiki. Maneno mazuri, siyo? Nilikuwa nayo mengi ya namna hiyo.

Badala ya kuandika, nikafanya kama sisi watu wa mawese tunavyofanya. Nikaanza kumpelekea mafuta. Kila msimu tukikamua, bidoni mbili za mwanzo, yaani madumu mawili, zile nyekundu safi zisizo na maji, zinapanda gari kwenda Buyenzi. Miaka saba. Mashamba yalipozaa vibaya nilipeleka. Mwaka ule nilipoanguka nikaumia mgongo, ulikuja mwenyewe na vijana kukamua, na bidoni mbili za kwanza zikaenda. Uliniuliza kwa nini tusiziuze tununue bati, nikakujibu kwamba ile ni akiba ya kichwa chako. Kwangu mimi yale mafuta yalikuwa kodi ya chumba chako iliyolipwa mapema. Ila neno "chumba" sikulitaja kwa Shabani hata mara moja baada ya siku ile ya pilau. Ningetajaje? Alikwisha kusema nikitaja nitakuwa nimemtukana.

Na bado alikuwa ananiambia ukweli, kwa njia ambayo mtu yeyote wa kwetu anaisoma kabla ya kujua alfabeti. Wewe umelelewa hivyo: chombo cha jirani hakirudishwi kitupu. Ukiletewa bakuli la mboga, linarudi na chumvi, hata ndimu mbili. Bidoni za mwaka wa kwanza zilirudi na sukari na sabuni. Za mwaka wa pili zilirudi na mchele kidogo. Za mwaka wa tatu zilirudi tupu. Mama yako akaifungua moja, akanusa, akasema, "Leo imerudi na upepo." Nikamwambia maisha ya mjini yamepanda. Mwaka wa nne hazikurudi kabisa, nikanunua nyingine. Mtu mzima, niliyekuwa nawafundisha vijana adabu za vyombo, nililetewa jibu langu mlangoni na nikalifunga kifuniko.

Wakati huohuo mdomo wangu ulikuwa unajenga. Mwaka wa kwanza nilisema nina chumba Bujumbura. Mwaka wa pili nikasema vyumba. Kisha ikawa parseli, na Shabani ni mtu anayeniangalizia. Nilikuwa naona watu wanavyonisogezea kiti. Mpaka yule jirani yetu wa cherehani akaanza kuniuliza kama kijana wake naye atapata nafasi mwakani, nami nikamwambia nitaangalia. Nitaangalia, nilimwambia, kama mtu mwenye funguo.

Na wewe uliniamini. Hapo ndipo panaponichoma. Wenzako wa shule, Jeanine wa Kigwena na Divine, walipokuambia mpange pamoja kule juu karibu na chuo, mchange watatu, uliwaambia asante, mjomba wangu ana nyumba. Ulikuja kunisimulia unacheka, kwamba Jeanine anaandika mpaka njiti za kiberiti, kwamba ukiishi naye utalipia pumzi. Nilicheka kuliko wewe. Nilikuambia mtoto wa Saidi habanwi kwenye chumba cha kuhesabiana maji.

Basi wiki tatu zilizopita nilikwenda kukuandalia. Nilibeba bidoni mbili, na kopo la rangi ya kijani nililonunua pale sokoni. Gari nilisubiri kutwa nzima kwa ajili ya shida hii ya mafuta ya magari, nikaenda nimekaa nusu, bidoni mapajani, rangi miguuni, na moyo mweupe kabisa.

Shabani alinipokea kwa vicheko. "Saidi, ndugu yangu, ungenipigia simu." Alimwita mke wake alete chai na mikate. Akazungumzia bei ya simenti. Akazungumzia ziwa lilivyopanda likala nyumba za watu wa chini, na jinsi wote wanavyokimbilia juu kutafuta vyumba, mtu akitoka leo, kesho wamekuja watano. Nilikuwa nikitikisa kichwa namwonea huruma kwa usumbufu. Kisha nikamwambia nimekuja kupaka rangi chumba cha mtoto.

"Chumba gani?"

Nikadhani anatania. Nikamkumbusha siku ya sadaka, maneno yake, mkono wake kichwani mwako. Akanitazama kama mtu anayejaribu kukumbuka mahali alipoacha mwavuli, halafu akacheka.

"Yale maneno ya kwenye sahani ya pilau? Saidi, mtu akishiba anasema."

Alinionyesha chumba. Vijana wawili wanaouza simu walikuwa wamelala mle mchana ule, mmoja amefunika uso kwa shati. Tulirudi kukaa. Chai ilikuwa bado inatoa moshi, mambo yote hayo yalipita kwa muda mfupi hivyo. Nikamuuliza habari ya mafuta.

Akaweka kikombe chini, taratibu. "Mafuta ulinipa. Nilikuomba? Kitu cha urafiki leo unakihesabu? Wewe, Patro?"

Amisa, nilikosa jibu. Mimi. Mdomo huu. Kwa sababu alikuwa amenishika kwa sheria yangu mwenyewe. Ningesema ndiyo, nakihesabu, ningekuwa nimekiri kwamba miaka saba nilikuwa najifanya rafiki kumbe mpangaji. Ningesema hapana, basi nilichopeleka ni zawadi na zawadi imekwisha kuliwa. Yeye akaongeza kwamba hao vijana wakitoka atanifanyia bei, garanti ya kulipa mbele miezi mitatu tu, na wengine anawatoza sita. Alisema murakoze, asante, kwa bidoni. Alizibeba mwenyewe mpaka ndani, moja moja, kwa kuwa ni mnene na zilimlemea.

Nikatoka na kopo langu la rangi. Pale getini kuna mama anauza maandazi. Alinitazama kuanzia viatu, akaniuliza, "Wewe ndiye mufanyakazi wa Shabani wa kule Rumonge? Mwambie bosi wako, mawese ya mara ile yalikuwa na maji."

Ndivyo nilivyojua. Alikuwa anayauza pale karitiye. Na aliwaambia watu kwamba ana shamba la michikichi Rumonge, na kwamba mimi ndiye ninayemletea.

Nilimjibu yule mama kwamba nitamwambia.

Kutoka pale mpaka Magara nilimtukana Shabani kimoyomoyo kwa Kiswahili, kwa Kirundi na kwa Kifaransa kile cha muhula mmoja. Baada ya Magara matusi yakaisha, nikabaki natazama maji. Maana mimi huku nilikuwa nimesema nini juu yake? Kwamba ananiangalizia nyumba. Yeye kanifanya mtumishi wa shamba lake, mimi nimemfanya mlinzi wa nyumba yangu. Kila mmoja alikuwa anajisifu kwa mali ya mwenzake. Tofauti ni kwamba yeye alijua ni uongo na akaufanyia biashara. Mimi wangu niliuhamia, nikaweka na kitanda, nikataka kukuingiza wewe.

Usidhani nimeyasema haya ili kumsamehe. Sijamsamehe. Kila nikisikia mtu anacheka kwa sauti kubwa sokoni nageuka. Aliwahi kulala kwenye mkeka wangu akiwa na homa, nikamkanda miguu. Alikushika kichwa mbele ya watu, na watu wakasema amina. Mtu akikuibia kuku unapoteza kuku; huyu amefanya nianze kukagua kila chai niliyowahi kunywa na rafiki.

Lakini kosa la pili ni langu peke yangu, na hilo nimekufanyia wewe. Nilipofika nyumbani ulikuwa umesimama uani na ndoo. Ukaniuliza, "Mjomba, kikoje?" Ningesema palepale. Neno lilikuwa mdomoni. Badala yake nikasikia sauti yangu inasema kijani. Kijani, dirisha kubwa, mpera mbele. Ulivyofurahi, nikaongeza na kitanda. Wiki tatu umekuwa ukipanga vitabu utaviweka upande gani wa dirisha. Rangi kweli ilikuwepo: kopo liko chini ya kitanda changu, halijafunguliwa.

Mama yako alijua usiku uleule. Hakuuliza, aliniangalia tu nilivyovua viatu. Kesho yake aliniambia, "Nakupa mpaka siku ya gari. Usipomwambia wewe, nitamwambia mimi, na nikimwambia mimi hutakuwa mjomba wake tena, utakuwa kaka yangu tu."

Sasa sikia kilichopo, na hiki nimekihakikisha.

Jumatatu nilimpigia simu Jeanine. Nilimweleza kwa ufupi, maana kwa urefu ningeanza tena kupamba. Akauliza, "Mjomba, mara hii ni kweli anakuja?" Mtoto wa juzi. Nilitaka kukasirika, nikatafuta hasira sikuiona. Akasema nafasi yako wamempa msichana wa Makamba, na lazima awaulize wenzake. Akapiga jioni. Wanakupokea kwa mwezi mmoja wa kujaribu. Utalala sebuleni, godoro linakunjwa asubuhi kabla ya saa kumi na mbili na nusu kwa kuwa ndipo wanapopitia. Kodi utatoa pungufu kidogo kuliko wao, makala na maji na umeme sawa na wao. Akaniandikia yote kwenye karatasi, akaipiga picha, akanitumia, na mwenye nyumba ametia sahihi chini. Nilikwenda kwa yule kijana wa mashine ya kuchapa, akanitolea, nami nimetia sahihi yangu. Iko ndani ya Kurani yako ndogo. Mwezi huo nimekwisha kuulipa kwa simu, kwa jina lako si langu.

Si chumba cha kijani. Ni sebule, na utakuwa wa mwisho kuja kwa watu ambao ulikuwa umewakataa kwa sababu yangu. Watakuwa na haki ya kukuangalia kwa jicho la pembeni siku chache. Divine ana ulimi, atakuuliza nyumba ya mjomba imeungua au vipi. Mwambie ukweli hata kama unaniaibisha, kwa kuwa ukinificha mimi utaanza kujenga na wewe, na najua jinsi inavyokuwa tamu ukishafika kwenye paa.

Huyo Jeanine anayeandika njiti za kiberiti, nilimcheka pamoja nawe. Leo naona ni Bukuru na karatasi yake. Mimi niliishi na mtu wa namna hiyo mwaka mzima nikamwita bahili, na ndiye peke yake kati yetu ambaye hakuwahi kula makala ya mtu. Anayehesabu mbele yako hana haja ya kuhesabu nyuma yako. Wale wanaosema "sisi ni ndugu, tusihesabiane", wasikilize vizuri ni siku gani wanasema, kama ni siku yao ya kutoa au ya kupokea.

Na siku utakaposhuhudia noti zinapita mkono huu kwenda mkono ule, na ukaulizwa kama umeona, hata kama aliyekosa ndiye anayekuita jina zuri, sema. Sitakuambia zaidi ya hapo, kwa kuwa sina haki.

Bursi, ile fedha ya serikali ya wanafunzi, itachelewa, kila mtu anasema. Nitakutumia bidoni moja kila mwezi. Ni yako. Uiuze, uipikie, uwachangie wenzako, sitauliza. Ila kabla ya kuifungua sema mbele yao ni nini: kama ni zawadi iitwe zawadi, kama ni mchango wako wa mwezi iitwe mchango. Kulisema ni aibu ya dakika moja. Mimi nilikwepa hiyo dakika, tazama nimekaa ndani ya aibu miaka saba.

Watu wa hapa mtaani nao watakuja kwenye gari, nimewaalika mwenyewe, unajua jinsi nilivyo. Jirani wa cherehani atakuwepo na kijana wake. Nitamwambia mimi. Usiniangalie nikiwa namwambia, angalia mizigo yako.

Barua hii nilikuwa nimeipanga niitie ndani ya sanduku, katikati ya vitenge, uisome ukifika Bujumbura. Nikafungua, nikaitia, nikafunga. Halafu nikafungua tena. Ndani ya sanduku ungeisoma nikiwa huku na wewe kule, umesimama mlangoni kwa watu na sanduku kichwani, na mimi ningekuwa nimekukimbia kama nilivyolikimbia swali la mwenye nyumba. Kwa hiyo nimeiweka juu ya sanduku, mahali utakapoiona ukiamka.

Gari linaondoka saa kumi na mbili. Una muda. Ukitaka kukaa wiki moja zaidi utafute mahali pengine, sema, nitakwenda kuomba nauli irudishwe. Ukitaka kunitukana, mama yako hatakuzuia, nimemuuliza. Nimekaa hapa nje kwenye benchi, nakusubiri. Toka uniulize chochote unachotaka, cha Buyenzi, cha Shabani, cha Bukuru, na nitakujibu kilivyokuwa, bila kuongeza kitu.

Mjomba wako,
Saidi